Tofali la makumbi kwa mbegu za mikoma na mitende adimu: linavyofanya kazi katika joto la Muscat

Tofali la gramu 650 la unga wa makumbi ya nazi, ambalo wauzaji huliita kokopiti, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vinavyohitajika kuotesha mbegu adimu za jamii ya mitende. Linatoka India au Sri Lanka, limeshindiliwa hadi likawa gumu kama ubao, na linapatikana karibu kila duka la bustani mjini Muscat. Hilohilo ndilo linaloozesha mbegu nyingi kuliko wadudu na jua vikichanganywa. Sababu ni kwamba maelekezo yaliyochapwa kwenye karatasi yake yalikusudiwa mtu anayepanda nyanya na maua. Hayakumfikiria anayelaza kokwa ya mtende adimu Medemia argun ambayo huenda ikakaa humo miezi mitano bila kuonyesha dalili yoyote.

Kwa kuoteshea, tofali hili linastahili nyota 4 kati ya 5. Kwa kukuzia mche baada ya kuota, katika hewa kavu ya Ghuba, nyota 2, na ya pili ni ya kulihurumia. Anayeshika tofauti hiyo atalitumia vizuri.

Tuanze na kilichomo. Mtu aliyekulia Jambiani au Makunduchi anajua makumbi yanavyofukiwa pwani, yanakaa kwenye maji ya bahari kwa miezi, kisha yanafukuliwa na kupigwa hadi usumba wa kusokotea kamba utengane na takataka. Takataka hiyo, ule unga wa kahawia unaodondoka, ndiyo inayoshindiliwa kuwa tofali. Viwanda vingi vya India na Sri Lanka navyo huloweka makumbi, na pale maji yanapokuwa ya chumvi, chumvi inaingia kwenye unga. Na hata makumbi yasiyoguswa na bahari yana potasiamu na sodiamu nyingi, kwa kuwa mnazi wenyewe umekula pwani maisha yake yote. Kwa hiyo tofali lililoandikwa kwamba limeoshwa na tofali ambalo halikuoshwa yanaweza kukaa rafu moja, rangi moja, na tofauti ikaonekana miezi mitatu baadaye kwenye ncha ya mzizi iliyogeuka kahawia.

Usitegemee maandishi, pima. Kalamu ya kupimia chumvi (EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme) inauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya samaki wa mapambo. Chukua kikombe kimoja cha unga uliolowa, vikombe viwili vya maji, koroga, acha nusu saa, chuja, pima. Pima pia maji yenyewe kabla hujayachanganya, kisha utoe kipimo chake kwenye kile cha pili. Maji ya bomba ya Muscat ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, hivyo ni mazuri kwa kazi hii. Maji ya visima vya Batinah, ukanda wa pwani kaskazini-magharibi ya Muscat, ni habari nyingine, maana bahari imekwisha kuingia chini ya ardhi sehemu nyingi za ukanda ule. Ikiwa unga wenyewe unasoma chini ya 0.5 milisimensi kwa sentimita, endelea. Ukivuka 1, urudi kwenye ndoo ya kuoshea.

Kuosha ni kazi ya saa mbili. Weka tofali kwenye ndoo ya lita 20, mimina lita 6 za maji, acha livimbe kwa saa moja. Maji ya tangi la juu ya paa yanayotoka yakiunguza mwezi wa Julai ni mazuri hapa, yanalifungua tofali haraka kuliko ya baridi. Likishavunjika lote, mimina kwenye foronya ya zamani, funga mdomo, na ukamue kwa kuisokota kama unavyokamua tui kwenye kifumbu. Maji ya kwanza yatatoka meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Loweka tena, kamua tena. Mkamuo wa tatu huwa kama chai iliyofifia, na matofali mengi hapo yamekwisha kushuka chini ya 0.5. Tofali ambalo baada ya mikamuo mitano bado liko juu ya 1 halistahili mbegu adimu. Litumie kufunikia udongo wa miti mikubwa.

Wapo wanaosisitiza kwamba unga lazima ulowekwe kwenye nitrati ya kalsiamu ili kalsiamu isukume nje sodiamu na potasiamu zilizong'ang'ania. Ni kweli kwa mche utakaoishi humo. Gramu 10 hadi 15 kwenye lita 5 za maji, tofali moja, usiku mmoja, kisha suuza. Kwa mbegu inayooteshwa ndani ya mfuko wa plastiki si lazima, kwa sababu chakula chake chote kiko ndani ya kokwa.

Sasa maji, na hapa ndipo karatasi ya tofali inapopotosha. Inasema mimina lita 4, upate lita 8 au 9 za unga. Ukifanya hivyo utapata uji. Unga wa makumbi unashika maji mara nyingi ya uzito wake na bado unaonekana mzuri kwa macho, umechambuka, laini, hauna tope. Lakini nafasi zilizokuwa za hewa zimejaa maji, na kiinitete kinachoanza kuamka kinahitaji hewa. Kikikosa, hakilii. Kinaoza kimyakimya, na wewe unaendelea kusubiri.

Njia ya uhakika ni mzani. Baada ya kukamua mara ya mwisho, tandaza unga kwenye karai kivulini na uugeuzegeuze hadi gramu 650 za mwanzo, pamoja na maji, zifike kilo 2 na nusu hivi. Katika ukavu wa Muscat wakati upepo unatoka bara, hii haichukui muda mrefu, kwa hiyo usiuache na kwenda zako. Asiye na mzani atumie mkono: kamata konzi moja, minya kwa nguvu zote. Unga ubaki umeshikana kama kitumbua ukifungua kiganja, na pasidondoke hata tone. Likidondoka tone moja, ni wa mbegu za mitende ya Washingtonia, ambazo zitaota ndani ya wiki chache na hazina muda wa kuoza. Si wa Hyphaene (mikoma) wala Medemia.

Mbegu nayo iwe imeandaliwa, maana hakuna unga utakaoiokoa ikiwa chafu. Nyama ya tunda iondolewe yote, hadi kokwa tupu. Inabeba vitu vinavyozuia kuota, na ndiyo karamu ya kuvu. Makoma huchosha zaidi, kwani nyama yake ni nyuzi zilizoshika kokwa kama brashi; loweka siku tatu, kisha sugua kwa brashi ya waya. Baada ya hapo loweka kokwa safi kwenye maji ya uvuguvugu, ukibadilisha kila siku: siku 2 kwa Livistona carinensis na Nannorrhops ritchieana, siku 5 hadi 7 kwa Bismarckia nobilis, Medemia na mikoma. Malizia kwa dakika 10 katika jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, usuuze sana.

Usitupe kokwa ya mkoma kwa sababu imeelea. Ndani yake pana uwazi kama wa nazi, hivyo hata iliyo hai kabisa inaelea. Kama umenunua mbegu 20 na unataka kujua kama umeuziwa mzoga, toa moja sadaka, ipasue kwa msumeno. Nyeupe, ngumu kama pembe, bila harufu: nzima. Ya kijivu, inayovunjika kama chaki au inayonuka mafuta yaliyochacha: imekufa. Nyingine usizipasue wala kuzigonga kwa nyundo kwa tamaa ya kuharakisha, kwani kiinitete kiko karibu sana na kitundu cha kuotea na pigo moja linakiponda.

Uchaguzi wa mbegu unastahili neno lake. Kwa jangwa la Oman, Nannorrhops ni mwenyeji; upo kwenye milima ya Hajar na majani yake yanasukwa tangu zamani. Livistona carinensis unatoka Djibouti, Somalia na Yemen, na ni mti unaopenda joto kali lakini uwe na maji miguuni, kama ulivyo kwenye mabonde yake. Medemia argun ni wa jangwa la Nubia, kati ya Misri na Sudan, na kokwa zake zimekutwa ndani ya makaburi ya Wamisri wa kale. Kwa anayeanza, mwalimu mzuri ni mkoma, ambao wengine huuita mkoche au mlala. Hyphaene compressa unaosimama kando ya mto Turkwel kule Turkana unaota kwa tabia ileile ya Medemia, na ukipoteza kokwa tano hujapoteza kitu kisichopatikana tena.

Ndani ya mfuko wa zipu wa lita 1, tia vikombe 2 vya unga ulioandaliwa na kokwa 5 hadi 8, kila moja imezikwa nusu. Nusu ya mfuko ibaki hewa. Andika jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu miezi minne baadaye kokwa za Bismarckia na za Medemia zilizogeuka kahawia hazitakwambia nani ni nani.

Kisha joto. Mbegu hizi zinataka nyuzi 30 hadi 35, na hapa Muscat ina faida ambayo mtu wa Ulaya huinunua kwa mkeka wa umeme. Chumba kisicho na kiyoyozi, au stoo ya ndani isiyopigwa na jua, kuanzia Mei hadi Septemba kinakaa karibu na nyuzi hizo chenyewe, usiku na mchana. Weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, ukiangalie wiki nzima kabla ya kuleta mbegu. Kosa la kawaida ni sebule yenye kiyoyozi: kwa nyuzi 23 unga unabaki na unyevu, mbegu inalala, kuvu hailali. Kosa la pili ni baraza au dirisha la magharibi. Mfuko wa plastiki uliopigwa na jua la Juni unapanda kupita nyuzi 50 ndani ya muda mfupi, na kokwa iliyopikwa haionyeshi nje kwamba imepikwa.

Fungua mfuko mara moja kwa wiki, dakika moja tu, na utangulize pua kabla ya macho. Unga ulio sawa unanuka kama udongo baada ya mvua, au kama makumbi makavu yaliyorushiwa maji. Harufu ya uchachu, ya togwa lililopitiliza, maana yake maji yamezidi. Toa kokwa zote, minya kila moja kwa vidole, iliyolainika tupa, ngumu zisuuze kwa jiki na uanze na unga mpya ulio mkavu zaidi. Ukungu mweupe juu ya kokwa ngumu usikutie hofu. Unakula mabaki ya nyama uliyoiacha. Futa, rudisha.

Siku ya kuota unaona kitu cheupe kinachotokeza kwenye kitundu, kinene kama penseli, ncha butu, laini kama kidole cha mtoto mchanga. Wengi hukiita mzizi. Kwa Hyphaene, Medemia, Bismarckia na Borassus (mvumo), hicho ni mkono wa jani-mbegu, na kiinitete kizima kimebebwa kwenye ile ncha. Kazi yake ni kukipeleka chini sana, mbali na jua, ndipo mzizi wa kweli na jani la kwanza vitoke huko. Ukikivunja, umemaliza; kokwa haina kingine. Na ndipo sifa kubwa ya unga wa makumbi inapoonekana: ni mwepesi, haushiki, na mkono ule unatoka humo bila kukwaruzwa. Mchanga mtupu huukwaruza, na mboji ya piti iliyokauka huushika. Ukiinua kokwa kwa vidole viwili, unga unamwagika wenyewe na mkono unabaki safi, mweupe wote hadi nchani. Ncha ikiwa ya kahawia, rudi kwenye kalamu ya chumvi au kwenye kipimajoto; kimojawapo kitakujibu.

Hamisha mkono ukiwa sentimita 2 hadi 3. Usisubiri jani. Ndani ya mfuko mkono unajikunja, unazunguka kona za plastiki, na ukifika sentimita 10 hautanyooka tena bila kuvunjika.

Na usiuhamishie kwenye unga uleule. Katika chungu cha nje, hewa kavu hunyonya maji ya juu ndani ya saa chache, uso wa unga unakuwa mkavu na mwepesi wa rangi, wewe unamwagilia, kumbe chini bado ni chepechepe. Mche unaozea chini na kukaukia juu kwa wakati mmoja. Ukikosea upande wa pili, ukaacha unga ukauke kabisa, unasinyaa na kuachana na ukuta wa chungu, na maji unayomimina yanapita kwenye ufa huo na kutokea chini bila kugusa mzizi. Kila umwagiliaji nao unaacha chumvi yake juu, mpaka unaona utando mweupe. Baada ya misimu miwili unga wenyewe umeoza, umeshuka, umebana.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 2 za mchanga wa wadi (bonde la mto mkavu) uliochekechwa, punje za milimita 2 hadi 4, sehemu 1 ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za bustani) au jiwe la pamisi, na sehemu 1 ya unga wa makumbi uliooshwa. Mchanga wa ufukweni hapana, hata ukiuosha, na mchanga laini wa matuta hapana, kwani unashikana kama saruji ukilowa.

Chungu kiwe kirefu, angalau sentimita 40. Vyungu vya namna hiyo ni adimu madukani, lakini bomba la PVC la maji machafu la milimita 110 linatosha kabisa. Likate vipande vya sentimita 40, kila kipande ukipasue upande mmoja kwa urefu, ukifunge kwa waya mara mbili, na chini uweke wavu wa plastiki wa matundu madogo. Siku ya kupanda ardhini unafungua waya, bomba linatanuka, mche unatoka na udongo wake wote. Bomba lisimame ndani ya kasha lililojaa mchanga au lizungushiwe karatasi ya fedha, kwa kuwa plastiki tupu kwenye jua inachemsha mizizi ya pembeni. Mvumo usihangaike nao kwenye bomba hata kidogo. Mkono wake unashuka zaidi ya nusu mita; uzike kokwa moja kwa moja mahali mti utakapoishi.

Tengeneza shimo kwa kijiti, teremsha mkono ukielekea chini, kokwa ibaki imezikwa nusu, na usiikate kamwe kutoka kwenye mche hata ionekane imechoka. Mbolea hapana hadi jani la pili. Chandarua cha kivuli cha asilimia 50 hadi 70 kwa kiangazi chote cha kwanza. Kumwagilia kufuate uzito wa bomba mkononi kuliko kalenda, na maji ya tangi la paa yapoe kwanza kwenye ndoo.

Wakati mzuri wa kuanza ni Julai au Agosti. Joto la chumba ni la bure, mbegu nyingi zinatoa mkono kati ya Septemba na Novemba, na miche inakutana na miezi sita ya hali ya hewa nzuri kabla ya jua kali. Anayeanza Machi anahamishia mche mchanga moja kwa moja ndani ya Juni, na anapoteza wengi. Medemia na mikoma ikichelewa kupita Novemba, iache mfukoni, na uipelekee joto juu ya jokofu hadi Machi upite. Mikoma mingine huchukua mwaka mzima.

Kuhusu kununua: chagua tofali la kahawia inayong'aa. Jeusi kabisa ni unga mzee uliokwisha kuoza, na la manjano hafifu halijakaa vya kutosha, litatoa rangi kwenye maji hata mkamuo wa sita. Epuka matofali ya vipande vikubwa kwa ajili ya mifuko, ingawa ni mazuri kwenye mchanganyiko wa vyungu. Lile bonge la kilo 5 huwa nafuu kwa kila kilo, lakini kwa mwenye mbegu 30 ni mzigo. Unga ukishaoshwa na kubaki na unyevu haufai kufungwa na kuwekwa, unaanza kuota ukungu na kuzaa vijinzi vyeusi. Osha unaohitaji, na nusu ya tofali iliyobaki ikatwe kwa msumeno ikiwa kavu, irudi kwenye nailoni yake, iwekwe mbali na maji.